Mawimbi ya Upepo wa Watu Wengine

Mimi nimezaliwa kwenye baridi. Kwetu Mufindi, upande wa Iringa, asubuhi ya mwezi wa sita unatoka nje huoni hata zizi la baba yako mwenyewe, ukungu umekaa pale kama una shughuli. Maji yetu yalikuwa ya kijito, ukiruka, umevuka. Kwa hiyo siku mchumba wangu aliponiambia kwamba kwao kuna maji ambayo ng'ambo yake haionekani, nilimwambia aache uongo wa wachumba. Miaka ile ya hamsini wachumba walikuwa na uongo mwingi, na mimi sikuwa msichana wa kumezeshwa kila kitu.

Yeye alikuwa Mnyakyusa kutoka ukingo wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, amekuja Mafinga kupasua mbao. Alikuwa mtu wa kucheka, mwenye vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Tulifunga ndoa kanisani kwetu, na ng'ombe wakatoka kwao wakaja kwa baba. Baba hakulaza damu: ng'ombe wale wale wakamwolea kaka yangu mke, na kabla mwaka haujageuka wifi yangu alikuwa na mimba.

Nawaeleza habari za ng'ombe kwa sababu ndipo shingo yangu ilipokuwa imewekwa. Wajomba na baba wadogo wa mume wangu hawakunitaka. Walitaka binti wa kwao, anayejua adabu za kwao, si Mhehe wa kuokotwa kwenye misitu ya mbao. Mwisho wakakubaliana hivi: mume arudi kazini Mafinga, mimi nikae kwa wakwe mpaka likizo yake ijayo. Nikionekana nina adabu, nimekuwa wao. Nisipoonekana, nirudishwe kwa baba, na ng'ombe wadaiwe. Na ng'ombe wenyewe ndio hao waliokwisha kugeuka wifi mwenye tumbo. Nikirudishwa mimi, ndoa ya kaka inabomoka. Nilipopanda lori kwenda kwa wakwe nilikuwa nimebeba nyumba mbili kichwani.

Mume wangu alinisindikiza, tukalala Ilomba, nje ya mji wa Mbeya, kwa shangazi yake. Kesho yake tukapanda basi, tukapita Tukuyu, tukaanza kuteremka. Tuliteremka mpaka nikavua sweta, halafu kitambaa cha kichwa, halafu nikatamani kuvua na ngozi. Migomba ikawa minene, hewa ikawa nzito, na mwisho wa yote nikaliona ziwa. Nilisimama mdomo wazi. Mume wangu alikuwa anatabasamu tu, na nilitamani kumpiga kofi kwa sababu hakuwa amedanganya.

Adabu yenyewe niliyopaswa kuionyesha ilikuwa hii. Mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Simaanishi asimzoee, simaanishi asimtanie. Haonani naye kabisa. Akija njiani, unaingia migombani. Akiwa uani, hutoki ndani. Husemi naye, hupiti mbele yake, na ikitokea mmegongana uso kwa uso unajifunika nguo kichwani na kuinama mpaka apite. Na yeye vile vile, anakohoa kutoka mbali ili upate nafasi ya kukimbia. Mchungaji alikuwa akihubiri kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Mama mkwe aliitikia amina, halafu tukirudi nyumbani ananikumbusha nipite njia ya nyuma.

Basi nilikimbia. Jamani, nilikimbia! Nilizaliwa na hasira za karibu, na jambo la kukimbizwa na kikohozi cha mzee ambaye hajanikosea lolote lilinichoma. Lakini nikimkumbuka kaka yangu, nilijikaza. Nilikuwa na masikio ya paa. Kikohozi kikisikika kwenye mnazi wa tatu, mimi niko migombani nimeloa umande, ndoo imebaki njiani peke yake. Wanawake wa pale walianza kusema Mhehe anajitahidi. Baba mdogo mmoja, aliyekuwa mgumu kuliko wote, alisema tusubiri.

Baba mkwe mwenyewe nilimjua kwa mgongo na kwa sauti. Alikuwa mrefu, mwenye mabega yaliyoinama kidogo. Wakati wa vita kuu alichukuliwa kuwa mpishi wa askari, akapelekwa kwa meli mpaka huko Asia, akarudi na makoti mawili na hadithi moja ya bahari ambayo watu wote walikuwa wamechoka nayo. Nikiwa jikoni nilimsikia akiianza uani, na nikasikia pia wageni wakikumbuka ghafla kwamba wana safari.

Siku yenyewe ilikuwa ya kipupwe, jua limeshapanda. Kulikuwa na mama mmoja Mkisi, mfinyanzi, aliyekuwa akija kwetu na mtumbwi uliojaa vyungu. Wakisi wanaishi chini ya milima upande wa mashariki wa ziwa, hawana mashamba ya maana, wana udongo. Sisi tulikuwa na mchele na ndizi. Alikuwa amemaliza kubadilishana, na mama mkwe akanituma nimsaidie kupakia. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono kama ya mwanaume na ulimi kuzidi wangu, ndiyo maana nilimpenda.

Ziwa lilikuwa limelala. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani la mgomba. Uso wa maji uling'aa kama umepakwa mafuta. Kitu kimoja tu nilikiona: maji yalikuwa yakipanda mchangani polepole, mbali kuliko kawaida, halafu yanarudi. Kisha kimya kirefu, mpaka unasahau. Kisha yanapanda tena. Nilimuuliza mama yule mbona maji yanatembea na hakuna anayeyasukuma. Akasema huenda mwera, ule upepo mkali wa kusini, unavuma huko mwisho wa ziwa, si kitu, ataambaa na ukingo na kufika kwake mapema. Sikuelewa. Upepo uvume kwa watu wengine, maji yatikisike kwetu? Nilimwona ananifanya mjinga wa milimani.

Sasa, baba mkwe alikuwa juu ya paa la nyumba yake akiezeka. Sisi tuliokuwa chini tuliona maji laini tu. Yeye kutoka kule juu aliona mbali, na alichokiona ni mistari, mmoja nyuma ya mwingine, imepangika kama matuta ya viazi, inakuja kutoka upeo wa macho. Ile midogo iliyotufikia ilikuwa watangulizi. Akashuka kwenye ngazi akaja mbio pwani, nyasi za kuezekea zimemjaa kichwani, akipiga kelele tusitoke.

Mimi nilichokiona ni baba mkwe anakuja.

Na hakukohoa. Katika siku zote, siku ile hakukohoa. Nikageuka huku, mchanga mtupu. Nikageuka kule, mchanga mtupu. Migomba ilikuwa nyuma yake yeye. Na kule kwenye mitumbwi alikuwa ameketi nani? Yule baba mdogo mgumu, anashona wavu, macho kwangu. Nilimwona kaka yangu, nikamwona wifi na tumbo lake. Pa kujificha palikuwa mahali pamoja tu. Niliruka ndani ya mtumbwi, nikajilaza juu ya magunia ya mchele, nikamwambia mama yule asukume.

Akasukuma. Miaka mingi baadaye nilimuuliza kwa nini, maana yeye alimsikia mzee vizuri. Alisema mkwe akishaingia mtumbwini mwako kwa heshima huwezi kumtupa nje mbele ya baba mkwe wake. Alidhani tutakaa mbele kidogo, mzee ataondoka, turudi.

Lakini mzee hakuondoka. Angeondokaje, naye anataka turudi? Alipita huku na huku ukingoni akiita, na kadiri alivyoita ndivyo mimi nilivyosisitiza twende mbali zaidi, kwa kuwa sauti yake niliisikia bado. Adabu yangu haikuwa na breki. Tulipofika mahali ambapo sikumsikia tena, nikainua kichwa nikiwa nimejiona nimefaulu mtihani.

Hapo ndipo mtumbwi ulipopanda. Hakuna kilichotupiga, hakuna hata tone lililotulowesha. Tuliinuliwa tu, taratibu, juu, nikaiona nyumba ya mkwe na paa lake lenye shimo. Halafu tukashushwa, na nchi kavu yote ikapotea. Mama Mkisi alikuwa amenyamaza, na mtu yule akinyamaza ujue kuna jambo. Kati yetu na ukingo palikuwa na fungu la mchanga chini ya maji, na yale mawimbi yaliyotupitia kwa upole yakifika pale yalisimama wima, yakajikunja, yakaanguka kwa kishindo. Kwake hakuendeki, alisema, kule ni mawe matupu. Kukaa hapa nako ni kuusubiri mwera wenyewe, na ukija, mtumbwi wa gogo moja uliojaa mchele hautauvumilia. Aliniuliza kama najua kuogelea. Nilimwambia kwetu maji yanatufika magotini.

Tukarudi mpaka karibu na fungu lile. Baba mkwe alikuwa ameingia majini hadi mapajani, na alikuwa ametupa mgongo. Ndiyo, mgongo! Alikuwa amegeukia nchi kavu ili asinione, anayahesabu mawimbi kwa miguu yake, anapaza sauti kuelekea kwenye migomba: ngojeni, bado, ngojeni. Na mimi mtumbwini nilikuwa nimejifunika kanga kichwani gubigubi, kafi liko miguuni halifanyi kazi. Mkwe na mkwewe tunaheshimiana, na kifo kimesimama katikati kinatuangalia.

Wimbi likaja kubwa kuliko mengine, likampiga mzee mgongoni, likamwangusha. Nilimwona kupitia upindo wa kanga. Aliinuka akitema maji, akasimama kidogo hivi. Halafu akageuka.

Alitazama ziwa, na kwa kuwa mimi nilikuwa ziwani, akanitazama mimi. Aliinua mikono yote miwili, viganja vimetuelekea, kutuzuia. Macho yake yalikuwa nyuma yetu, kwenye matuta yaliyokuwa yakija. Mama Mkisi aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ukifa umejifunika, nani atakusifu? Shika kafi."

Nikaivua kanga. Nikashika kafi. Nikamtazama baba mkwe wangu usoni kwa mara ya kwanza. Alikuwa na masharubu ya mvi, na mume wangu ana pua yake. Mawimbi makubwa yakapita chini yetu, moja, jingine, jingine, mikono yake bado iko juu. Kisha maji yakatulia, na akaishusha mikono kwa nguvu.

"Sasa, mwanangu! Sasa!"

Tulipiga makafi kama wendawazimu. Tulivuka fungu la mchanga maji yakiwa yamelala, na tulikuwa tumebakiza kidogo tu pale kundi jingine lilipotushika kwa nyuma, likaugeuza mtumbwi ubavu, likatumwaga. Nilimeza ziwa. Sikujua juu ni wapi. Mkono ukanishika juu ya kiwiko, ukanivuta, nikatua mchangani kwa magoti nikikohoa. Mama Mkisi alitoka mwenyewe, anatukana, anayakimbilia magunia yake.

Mkono ulionishika ulikuwa wa baba mkwe, na bado ulikuwa umenishika. Watu walikuwa wamejaa pwani. Hakuna aliyesema neno. Niliielewa maana ya kimya kile, kwa kuwa nilikuwa nimekaa pale vya kutosha: amemwona, amemsemesha, amemgusa, mchana kweupe. Yule baba mdogo alikuwa amesimama na wavu wake. Nikajua ndiyo basi, kaka yangu amekwisha.

Mzee aliniachia mkono. Akawatazama watu wote, maji yanamtiririka masharubuni.

"Nimemwona," akasema. "Nimemwita mwanangu, na nimemshika. Mwenye kuuliza aniulize mimi. Huyu alikuwa tayari kufa kwa heshima yangu. Mpeni nguo kavu."

Nililia. Nililia palepale mchangani kwa sauti, kamasi na mchanga pamoja, na mama mkwe akanifunika kanga yake huku naye akilia na kunigombeza kwa wakati mmoja.

Wazee walikaa. Mwiko uliovunjwa hauachwi hivi hivi, kwa hiyo walisema achinjwe mnyama, tule nyama yake mimi na mzee mbele ya ukoo, kila mmoja aone kwamba kati yetu hakuna tena kufichana. Mchungaji alikuja akaomba, akala pia, tena vizuri. Baba mdogo ndiye aliyenikatia nyama. Alininong'oneza kwamba siku ile alikuwa anaangalia wavu wake, hakuwa ananiangalia mimi hata kidogo. Nilitaka kumrushia mfupa.

Na baada ya hapo ndipo nilipojua baba mkwe alikuwa na maneno kiasi gani. Mtu alikuwa amekaa na hadithi ya bahari tangu vita iishe, hana wa kumsikiliza, halafu akanipata mimi, ambaye maji yale yalinimwaga na nilikuwa na hasira nayo. Nilitaka kujua yalitoka wapi. Alifurahi mpaka akasahau ugoro wake.

Alisema walipokuwa katikati ya bahari, hakuna upepo, moshi wa meli umepanda wima, meli ilianza kuinuka na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala. Askari walitapika. Wengine walisema kuna mnyama chini. Baharia mmoja aliyejua Kiswahili ndiye aliyewaambia kwamba huo ni upepo wa watu wengine: kuna dhoruba iliyopiga mbali sana, nchi ambayo hawataiona, na haya ni mawimbi yake yako safarini. Dhoruba yenyewe huenda imeshakufa, mawimbi bado yanatembea.

Nikamuuliza mbona yanakuja kwa mpangilio, na dhoruba ni fujo. Akasema niangalie watu wanavyotoka kanisani. Mlangoni wanasongamana, wakubwa kwa wadogo. Ukiwasubiri kwenye kijiji cha mbali, wenye miguu mirefu wanafika kwanza, wamepeana nafasi. Wenye miguu mifupi wanafuata, na wengine wamechoka wamekaa njiani. Mawimbi marefu ndiyo yenye miguu mirefu. Ukiona maji laini yanapanda polepole na kimya kati yao ni kirefu, ujue yametoka mbali. Yakianza kukaribiana, wale wa nyuma wanafika.

Nikasema basi maji ya kusini yamekuja kuniua huku kaskazini. Akacheka, akaleta kamba ya ng'ombe. Akanipa ncha moja, akaitikisa yake, na nundu ikakimbia kwenye kamba mpaka mkononi mwangu. Kisha akaniuliza kama kamba imehama. Haikuhama. Akanipeleka pwani akatupa kipande cha mgomba nje ya fungu la mchanga, penye kina, nacho kilipanda na kushuka pale pale, mawimbi yanakipita. Kinachosafiri ni msukumo, alisema, maji yanakaa kwao. Mpaka msukumo ukanyage mchanga wa chini, hapo ndipo unapojikwaa na kuanguka, na mwenye mtumbwi aombe Mungu. Tangu hapo kila asubuhi ya maji ya namna ile aliniita kwa sauti kutoka paani nije nione, na tulibishana huko kusini wanapigwa kiasi gani, naye nusu ya ubishi alishindwa lakini hakukubali.

Likizo ilipofika mume wangu alikuja. Habari zilikuwa zimemfikia Mafinga zikiwa vipande vipande, kwamba mkewe ameshikana na baba yake pwani mbele za watu. Maskini, alikuwa ametengeneza hotuba njia nzima, kutoka Mafinga mpaka Mbeya, kutoka Mbeya mpaka kwetu. Aliingia uani hajatua hata mzigo, akapiga magoti mbele ya baba yake, akaanza kunitetea. Kwamba mimi ni mgeni wa maji. Kwamba ng'ombe wakidaiwa, yeye atapasua mbao mpaka awalipe mwenyewe, kaka yangu asiguswe. Kwamba akikataliwa mke huyu haoi mwingine, na kesho anaondoka na mimi.

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda karibu na mzee, nachambua mchele, na mume wangu katika joto la hotuba hakuwa ameliona hilo. Baba mkwe alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amenuna kweli, sijawahi kumwona amenuna vile.

"Unasema unaondoka naye," akamwambia. "Katika nyumba hii huondoki na mtu. Sema umekuja kumwazima."

Mume wangu alinitazama mimi, akamtazama baba yake, akautazama ungo wa mchele uliokuwa nusu mapajani mwangu na nusu mapajani mwa mzee. Kisha, akiwa bado amepiga magoti, aliomba kwa adabu zote kuazimwa mke wake. Mzee alichambua mchele kidogo kwanza. Akakubali, kwa sharti nirudishwe kila kipupwe, mwera unapoanza.